Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Medicaid: Binti yangu anasubiri msamaha wa kosa gani?

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salaam. Ofisi yako, inayosimamia Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, imetangaza kwamba jimbo linahuisha mpango wake wa huduma za nyumbani na za jamii kwa watoto wenye ulemavu, na kwamba wananchi tuna siku 30 za kutoa maoni. Tangazo lenyewe limetoka kwa Kiingereza, kurasa juu ya kurasa. Maoni yangu ni haya hapa. Nimeyaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayoweza kukasirika nayo bila kuhangaika kutafuta maneno, na kwa sababu nataka wazazi wenzangu wa Kiswahili humu Marekani wayasome kabla yako. Nakala ya Kiingereza utaipata. Kijana wangu wa sekondari ndiye ataitafsiri, kama anavyotafsiri barua zenu zote.

Mara ya kwanza nilipousikia mpango huu ilikuwa kwenye simu, katikati yupo mkalimani. Mratibu alitamka neno "waiver", mkalimani akasita kidogo, kisha akaniambia: "Mama, wanasema mtoto wako anaweza kuombewa msamaha." Nikamuuliza, msamaha wa nini? Kakosa nini? Akacheka, mimi sikucheka.

Baadaye niligundua kwamba hakukosea sana. Mwaka 1981 Bunge la Marekani liliongeza kifungu cha 1915(c) katika Sheria ya Hifadhi ya Jamii. Kifungu hicho kinaliruhusu jimbo lisamehewe baadhi ya masharti ya Medicaid, ili fedha ambazo zingelipia kitanda cha taasisi, yaani hospitali au nyumba ya uuguzi, zimhudumie mtu akiwa kwake. Kwa hiyo anayesamehewa ni jimbo. Anayekaa foleni kuusubiri msamaha huo ni mtoto.

Nawe unajua vizuri kuliko mimi mlango huu ulifunguliwa na nani. Katie Beckett alizaliwa Iowa mwaka 1978, na kabla hajatimiza mwaka akaugua maambukizi ya ubongo yaliyoathiri mwili na pumzi yake, akawa anahitaji mashine ya kupumulia. Ilifika wakati madaktari wakasema anaweza kwenda nyumbani. Kilichomzuia kilikuwa hesabu. Akiwa hospitalini, kipato cha wazazi wake hakikuhesabiwa, Medicaid ikalipa. Akirudi nyumbani, kipato kile kile kingehesabiwa na Medicaid ingekoma, ingawa kumtunza nyumbani kulikadiriwa kugharimu kama moja ya sita ya hospitali. Rais Ronald Reagan akalisema jambo hili mbele ya waandishi wa habari Novemba 1981, na mwaka haukuisha mtoto akawa kwao. Mwaka uliofuata sheria ikayapa majimbo njia nyingine ya kuwafikia watoto wa aina yake bila kuhesabu kipato cha wazazi. Katie alisoma hadi chuo, akaishi hadi 2012. Alikuwa na miaka 34.

Naitaja habari hii kwa sababu kila kikao chenu nilichohudhuria kimeanza nayo. Inasimuliwa kama hadithi iliyokwisha vizuri. Humu ndani kwangu haijaisha.

Binti yangu ana miaka tisa. Ana utindio wa ubongo na kifafa, analishwa kwa mrija unaoingia tumboni, na hana nguvu ya kukohoa, kwa hiyo usiku makohozi yake hutolewa kwa mashine. Kichwani yuko timamu kabisa. Akichoshwa na mazungumzo ya watu wazima hufumba macho kwa makusudi, na ukimwita hafumbui. Medicaid anayo kwa sababu kipato chetu ni kidogo. Aliingia kwenye foleni ya mpango wenu akiwa na miaka minne.

Pengine utauliza, kama Medicaid anayo, foleni ya nini? Mume wangu ametakiwa kupandishwa cheo mara mbili kazini, na mara mbili amekataa. Nyongeza ile ingetosha kumnyang'anya mtoto bima, isingetosha kulipia hata robo ya matibabu yake. Mpango wenu haungeangalia mshahara wa baba. Ungemtazama mtoto mwenyewe. Ungetupa pia vitu ambavyo bima ya kawaida haitupi: mtu wa kumkalia siku mbili tatu mimi nilale, na bafu la kuingia na kiti chake cha magurudumu. Sasa hivi namwogesha kwa kumbeba, naye amefikia kilo 27.

Kuna sheria nyingine ya mwaka 1967, iliyopanuliwa mwaka 1989, inayosema mtoto mwenye Medicaid apewe kila huduma ya tiba anayoihitaji, na kwa sheria hiyo binti yangu ameidhinishiwa nesi wa nyumbani saa 56 kwa wiki. Karatasi ninayo, nimeibandika kwenye jokofu. Wiki iliyopita nesi alikuja saa 16. Si kwamba wakala anayewatuma manesi ana roho mbaya. Jimbo linalipa saa ya nesi wa nyumbani kiasi kidogo hivi kwamba nesi yeyote mwenye akili na watoto wa kulisha ataenda hospitalini. Nesi wetu wa mwisho aliondoka analia, na mimi nilimsindikiza hadi kwenye gari nikimwambia aende.

Saa 40 zilizobaki nazifanya mimi. Nanyonya makohozi, napima dawa ya degedege, nageuza mtoto asipate vidonda. Kazi hiyo hiyo angeifanya mgeni, angelipwa. Wakati wa janga la korona serikali ya shirikisho iliruhusu majimbo yawalipe wazazi kwa utunzaji wa namna hii, na yako majimbo yaliyouendeleza utaratibu huo. Yako pia yaliyogeuka. Indiana, baada ya kukuta matumizi ya Medicaid yamepita makadirio, iliacha kuanzia Julai 2024 kuwalipa wazazi wa watoto wadogo kwa saa, ikawahamishia kwenye posho ya siku. Nimesoma kwamba jimbo letu "linatathmini". Neno hilo kijana wangu hulitafsiri: "Wanafikiria kukata."

Sasa nije kwenye fedha, maana najua ndiko utakakokwenda. Sheria ile ya 1981 inataka wastani wa gharama za watu walio kwenye mpango usizidi wastani wa gharama za kuwaweka taasisini. Mpango hauwezi hata kuidhinishwa bila hesabu hiyo. Kwa nini basi foleni? Kote nchini, kwa hesabu ya shirika la utafiti la KFF, mwaka 2024 waliokuwa kwenye foleni au orodha za mipango ya namna hii walizidi 700,000, na wengi wao wana ulemavu wa akili na makuzi.

Jibu la wachumi wenu nililisikia kikaoni. Bwana mmoja mwenye tai alieleza kwa upole kwamba mkiongeza nafasi, zitajitokeza familia ambazo kamwe zisingepeleka mtoto taasisini, na hapo jimbo halitakuwa limeokoa kitu. Litakuwa limeongeza mzigo. Niliposikia tafsiri nilinyamaza. Nilitafuta kosa katika maneno yake nikalikosa. Ni kweli. Mimi simpeleki binti yangu taasisini, leo wala kesho. Bwana yule anajua, na wewe unajua.

Hapo ndipo penye neno langu, Mheshimiwa, mengine yote nimeyasema ili nifike hapa. Bajeti yenu imejengwa juu ya uhakika kwamba sitamwacha mwanangu. Kama ningekuwa mama wa kumtelekeza, fedha zingepatikana. Kwa kuwa mimi si mama huyo, tunawekwa foleni. Mnajua kwamba usiku wa manane mtu ataamka, na mtu huyo hamhitaji kumlipa.

Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1999, katika kesi ya Olmstead ya wanawake wawili wa Georgia, Lois Curtis na Elaine Wilson, kwamba kumweka mtu taasisini bila sababu wakati anaweza kuishi na jamii, na jimbo lina uwezo wa kumhudumia huko, ni ubaguzi. Majaji walilipa jimbo nafasi ya kujitetea: liwe na mpango unaofanya kazi, na foleni yake iende kwa mwendo unaoridhisha. Naomba nijue mwendo wa foleni yenu. Kila mwaka napokea barua inayosema mtoto "bado yuko kwenye orodha". Namba yake haimo. Sijui kama mbele yetu wako watoto 40 au 4,000. Hata kwenye kinyozi mtu hujua yuko wa ngapi.

Halafu barua hizo. Zinataka ujibu ndani ya siku 30, usipojibu mtoto anaondolewa. Familia moja ninayoifahamu, wakimbizi kutoka Kongo, waliiweka barua hiyo kwenye droo pamoja na matangazo ya mikopo ya magari, maana zote zilikuwa kwa Kiingereza na zote zina nembo nzuri. Mtoto wao alikuwa amesubiri miaka mitatu. Ameanza upya. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza anayepokea fedha za shirikisho kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na mahakama zimekwisha kueleza kwamba lugha imo humo. Lakini sitaki kugombana nanyi mahakamani kwa ajili ya bahasha. Pigeni simu. Kabla ya kumfuta mtoto, mtu apige simu, akiwa na mkalimani.

Najua pia kinachokuja. Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 inakadiriwa kupunguza fedha za shirikisho za Medicaid kwa zaidi ya dola bilioni 900 katika miaka kumi. Majimbo yatatafuta pa kukata. Nyumba ya uuguzi kwa mtu mzima sheria inailazimisha; huduma nyingi za nyumbani ni hiari. Sihitaji kuwa mchumi kujua mkasi utaanzia wapi.

Kwa hiyo katika hati mnayoipeleka serikali ya shirikisho, pale penye idadi ya nafasi kwa kila mwaka wa miaka mitano, msiandike chini ya idadi ya sasa. Namba ile moja itaamua mengi kuliko hotuba zote za kuadhimisha mwezi wa walemavu. Saa alizoidhinishiwa mtoto na wakala akashindwa kuzijaza, mzazi aliyefunzwa azifanye na alipwe kiwango kile kile mlichokuwa tayari kumlipa nesi. Fedha hizo mlishazikubali kwa maandishi. Nimekwambia, ziko kwenye jokofu langu.

Ofisi yako inayo namba yangu ya simu. Mchana mara nyingi siwezi kupokea, mikono inakuwa na kazi. Kati ya saa nane na saa kumi za usiku niko macho, nimekaa karibu na mashine. Wakati huo naweza kuzungumza.

Wako,
Mama wa mtoto aliye kwenye foleni