Pwani si bahari

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie neno pwani, ambalo sisi wa mashariki ya Unguja tunalitumia kutwa, na ambalo naona linazidi kupotoshwa magazetini. Hivi karibuni niliona picha ya kinamama wa mwani wameinama, maji yakiwafika vifundoni, na maelezo yaliyo chini yake yakasema kwamba wako baharini wakivua. Hawakuwa baharini, wala hawakuwa wakivua. Walikuwa pwani, wakifunga miche ya mwani kwenye kamba zilizokazwa kati ya vigingi.

Neno hili limetokana na kitenzi kupwa, yaani maji kuondoka na kuiacha ardhi wazi, likatiwa kiambishi -ni cha mahali. Kwa asili yake, basi, pwani ni pale panapokupwa maji: ni ardhi ambayo maji huifunika na kuifunua mara mbili kwa siku, na ambayo wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, hupanuka hata mtu akaweza kwenda kwa miguu hadi karibu na mwamba yanapovunjikia mawimbi. Na kwa kuwa hiyo -ni imekwisha kubeba maana ya mahali, kuandika "kwenye pwani" ni kurudia jambo lile lile. Inatosha kusema "amekwenda pwani", kama tusemavyo "amekwenda nyumbani".

Neno hilo hilo ndilo dira yetu. Mgeni akiulizia nyumba ya mtu kijijini haambiwi kushoto wala kulia, bali huambiwa iko upande wa pwani wa msikiti, au apande juu, upande wa bara. Na hata akiwa uchochoroni, asikoiona bahari, ngurumo ya mwamba humwonyesha pwani iko wapi. Sina ugomvi na Mkoa wa Pwani, ingawa makao makuu yake, Kibaha, hayako ufukweni, maana neno kupanuka ni kawaida ya lugha. Kupanuka ni jambo moja, na kufutiwa maana yake ya kwanza ni jambo jingine.

Nalisisitiza hili kwa sababu linagusa uhai wa watu. Tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa mara nyingi huwataja wanaokwenda baharini, na mama anayechokoa pweza miambani, au mtoto anayeokota kombe, huona hayamhusu, kwani kwa lugha aliyokulia yeye haendi baharini, anakwenda pwani. Nawaomba waandishi wako, wanapozichapisha tahadhari hizo, wayataje yote mawili, baharini na pwani.

Msomaji wako,
Jambiani, Unguja