Shoga angu, mpe binti ovaloki

Bwana asifiwe shoga angu,

Voisi zako nimezisikiliza zote, ile ndefu nimeirudia mara mbili, na nimeona nisikujibu kwa voisi maana mimi na wewe tukianza hivyo tutaishia kumsema binti wa watu mpaka saa sita za usiku. Kwahiyo nakuandikia. Soma ukiwa umetulia, huna mteja mbele yako.

Kwanza niseme nilivyoelewa, unirekebishe kama sivyo. Binti alikuja kwako hajui hata kutunga uzi kwenye sindano ya cherehani, ukampokea kwa sababu mama yake mnaimba wote sauti ya pili, ukamfundisha kukata kwa magazeti kwanza ndo aguse kitenge cha mtu, akakaa hapo mpaka akaiva. Sasa kafungua fremu yake mlango wa tatu toka kwako, kaweka kioo kirefu na taa za rangi rangi, kila siku anaposti mishono kwenye status, na kamati ya kwaya imempa yeye oda ya sare za Pasaka, zile ambazo miaka yote zilikuwa zinakuja kwako bila mtu kuuliza. Alafu akaja kukuomba ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke, kwa vile yeye hana, ukamwambia mbovu. Na ovaloki ni nzima, jioni ile ile uliitumia ukiwa umefunga mlango.

Hapo kwenye kufunga mlango nilicheka, nisamehe. Yani mtu na mashine yake aliyoinunua kwa jasho lake mwenyewe anashona kwa kujificha kama anapika gongo!

Sitakwambia huna sababu ya kuumia. Sare za kwaya nzima ni ada ya mtoto hiyo, sio hela ya kuchezea, na kamati ilitakiwa ikuite ikwambie mama mwaka huu tunajaribu kwa mwingine, sio wewe ukasikie kwenye mazoezi watu wanapeana zamu za kupimwa. Hilo kwangu ni kosa na ungekuwa karibu ningekusindikiza kwa mwenyekiti ukamwambie kwa upole kwamba hawakukutendea vizuri. Ila hilo ni lako na kamati. Binti hakuiba kitu, aliitwa akaulizwa bei akataja bei. We ulipokuwa unaanza na kile cherehani cha mkono cha bibi yako, hivi ulikuwa unakataa oda kwa sababu kuna fundi mkubwa mtaani?

Sasa tuje kwa hao wanaokujazia maneno. Umeniambia yule mama wa duka kasema binti "kakuibia nyota", na kwamba kuna mtumishi anafanya maombi ya kurudisha nyota zilizoibiwa, uende Ijumaa na picha ya fremu yako. Shoga, we ni mtu wa Kipaimara kabisa, nyota gani? Mi nachoka sana na haya maombi siku hizi, mtu ana wivu wake wa kawaida kabisa ambao angeutubu dakika tano ukaisha, anaambiwa ni vita ya kiroho, basi anaenda kukesha anapiga kelele maadui zangu waaibike maadui zangu waanguke, na adui mwenyewe ni katoto ka miaka ishirini na kitu kanakodaiwa kodi ya fremu ya miezi sita. Akitoka hapo kachoka, sauti imekauka, na wivu uko pale pale ila sasa unajiona mtakatifu.

Fungua Yohana sura ya tatu, usiishie ule mstari wa 16 tunaoukariri wote, shuka mpaka wa 26. Wanafunzi wa Yohana Mbatizaji wanamwendea mwalimu wao na taarifa, "Rabi, yeye aliyekuwa pamoja nawe ng'ambo ya Yordani, yule uliyemshuhudia, huyo anabatiza, na watu wote wanamwendea." Umeona hapo? Hata jina hawamtaji, ni "huyo", kama na wewe usivyomtaja binti kwenye voisi zako zote, ni "huyu" na "yule mwenzangu". Na watu WOTE wanamwendea, wakati mistari mitatu tu juu imeandikwa kuwa Yohana mwenyewe anabatiza Ainoni kwenye maji tele na watu wanakuja. Ndo kazi ya wapambe hiyo, wanakuja na hesabu iliyoongezwa chumvi. We mwenyewe juzi ulikuwa unalalamika una magauni ya send-off ya watu wanne hujui utayamaliza lini, leo umeambiwa wateja wote wamehamia kwa binti na umeamini.

Kitu ambacho nakipenda hapo ni kwamba Yohana hakufunga biashara. Akajibu lile jibu lake la "Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua," lakini hatusomi kwamba alitupa kazi akaenda kukaa nyumbani, aliendelea mpaka alipotiwa gerezani. Nakwambia hivi kwa sababu najua ulivyo, ukisikia neno unyenyekevu utaanza kusema basi mimi sijui kushona, mimi mzee, acha vijana wafanye. Huo sio unyenyekevu shoga, hiyo ni kununa. Unajua kushona, kola zako hakuna fundi mtaa mzima anazipata, useme asante Mungu kwa hizo kola na uendelee kuzishona. Sijui nani alituambia kuwa mnyenyekevu lazima ajidharau.

Alafu kuna habari ya Askofu Festo Kivengere, sijui kama mliwahi kuhadithiwa kwenu. Wale wazee wa uamsho walikuwa wanamtaja sana, yule Mganda wa Kigezi aliyewahi kuwa mwalimu Dodoma kabla ya kuwa askofu, na ndo huyo aliyemtafsiria yule mhubiri wa Marekani, Billy Graham, alipokuja Afrika Mashariki mwaka 1960. Mwaka 1977 Askofu Mkuu wa Uganda Janani Luwum alipouawa na utawala wa Idi Amin, Festo alikimbia usiku na mke wake wakavuka milima kwa miguu kuingia Rwanda, na bado baadae akasimama mbele ya dunia akasema anampenda Idi Amin. Mtu wa kiwango hicho! Lakini miaka ya nyuma kabla ya hayo yote, kilichomshinda kilikuwa mwenzake wa karibu kabisa, William Nagenda, waliokuwa wanazunguka pamoja kuhubiri. Nagenda alikuwa akihubiri watu wanaguswa, Festo akaanza kuona wivu, na alisimulia mwenyewe jinsi ulivyomfanya. Kila neno la mwenzake akaliona lina kasoro, mara sarufi mbovu, mara hayo sio ya kimaandiko, hata anavyorusha mikono anapohubiri akaona ni unafiki tu. Na kadri alivyokuwa anakosoa ndo alivyozidi kuwa baridi ndani, mpweke, wakati wako wawili safari moja.

Nilivyosikia hiyo ya kurusha mikono nikakukumbuka wewe na zipu. Si uliniambia zipu za binti zinavimba mgongoni? Zinaweza kuwa zinavimba kweli, sikatai, anajifunza. Ila we mwenyewe ulimfundisha zipu, na alipokuwa kwako zilipovimba ulikuwa unafumua mnarudia wote mnacheka. Zipu ni zile zile.

Sasa Festo alifanyaje. Wale watu wa uamsho, ule ulioanzia Gahini kule Rwanda ukaenea Uganda, Kenya mpaka kwetu Bukoba, walikuwa na tabia moja ngumu sana, waliita kutembea nuruni, maana yake dhambi ukiiona ndani yako huiachii giza, unaitoa nje, na kama inamhusu ndugu unamwendea ndugu. Festo alishatubu mbele za Mungu, ila akaona bado, kuna mtu amekaa na baridi lake. Wakiwa karibu kutoka kwenda kwenye mkutano akamwambia William nisamehe. William akasema niliona umepoa ila sikujua kuna nini. Akamwambia nilikuonea wivu. Basi, hakuna hotuba. Mwenzake akainuka akamkumbatia wakalia wote, na siku hiyo William alipohubiri, yule Festo aliyekuwa anakagua sarufi akaguswa na neno mwenyewe.

Nimefikiria sana kama nikushauri na wewe umwendee binti hivyo hivyo, na nitakwambia ukweli nilisita. Kuna watu wanaenda kutubu kwa mtu ambaye hata hakuwa na habari, wanamtua mzigo kichwani, nilikuwa nakuchukia nisamehe, wao wanaondoka wepesi na mwenzao analala macho. Lakini binti anajua. Aliisikia ile ovaloki ikilia nyuma ya mlango, mlango wa tatu sio mbali, na umesema mwenyewe siku hizi akikusalimia shikamoo anaangalia pembeni. Kwahiyo nenda. Usiende na maandiko, wala usianze na "mimi kama mama yako wa kiroho". Mwambie ovaloki ilikuwa nzima, niliumia kwa ajili ya zile sare nikakunyima, nisamehe mwanangu, lete nguo tupige. Ukiongeza na "lakini" yoyote baada ya hapo umeharibu, hasa "lakini na wewe ungeniambia."

Na ovaloki usimpe bure, nakujua ukishatubu unazidisha. Alete nyuzi zake na achangie umeme kama mafundi wote mnavyofanyiana, ni biashara ile, na akilipa atakuja kwako kichwa juu. Fikiria pia kitambaa chenyewe, kile kile chepesi kinachomwaga nyuzi ukikikata tu, zisipopigwa ovaloki zile sare zikifuliwa mara mbili zitafumuka makwapani, na wewe si uko mstari wa mbele? Utakuwa umenyoosha mkono kwenye haleluya kwapa liko wazi, alafu utasema binti hajui kushona.

Maana hili ndo nililiacha makusudi mpaka huku chini. Umeniambia hujaenda kupimwa. Watu wote wamepimwa wewe bado, unasema utashona ya kwako mwenyewe ifanane. Hapana. Ile Alhamisi Kuu tutasoma tena Yesu anawatawadha wanafunzi miguu, na kila mwaka mahubiri ni hayo hayo, inameni mtumikiane, sawa, mi kuinama nimekuona unainama vizuri tu, unapika misibani, unafagia kanisa. Kilichomshinda Petro kilikuwa kukaa kwenye kiti. "Wewe hutanitawadha miguu kamwe." Mbona angeambiwa yeye ndo aoshe angekimbilia beseni! We kumfundisha binti hakukukuta shida hata siku moja, kwa sababu wewe ndo ulikuwa juu. Shida imeanza ilipofika zamu yako kusimama umenyoosha mikono, yeye anakuzungushia futi kiunoni anaandika kwenye daftari lake, na akisema mama simama vizuri unasimama vizuri. Nenda kapimwe shoga. Na asipopima bega la nyuma usimsahihishe, labda akuulize.

Na hilo ulilosema kwamba utahama usharika sitaki hata kulijibu. Utahamia wapi kusiko na fundi mwingine? Na sauti ya pili mko wachache.

Sikuahidi kwamba ukifanya haya moyo utatulia siku hiyo hiyo, yule Festo alikumbatiwa, wewe unaweza ukajibiwa "sawa mama" kavu kabisa na akaendelea kuposti sare status zimejaa maua na mioyo. Utaumia tena. Siku hiyo nipigie, ila mama wa duka usimwambie kitu. Na mtaje binti kwa jina lake kwenye sala, umwombee kodi ya fremu itimie, umwombee na ovaloki yake mwenyewe hata ya mtumba. Najua itakuwa inakukwama kooni, omba hivyo hivyo inavyokwama.

Huku Mwanza tuko salama, mvua zinatusumbua na umeme unakatika katika, baba watoto anakusalimu. Gauni langu la kile kitenge cha bluu sitaki likae tena, najua oda ni nyingi ila nina ubatizo wa mtoto wa wifi baada ya Pasaka. Nimenenepa kidogo kiunoni, ongeza inchi mbili, na mkono uwe wa robo tatu sio ule mfupi wa picha niliyokutumia. Nauli ya kulituma kwa basi nitakurushia leo jioni.

Ni mimi shoga ako