Shemeji, punguza mwendo: barua kuhusu marathoni yako ya kwanza

Shemeji yangu wa Kisumu,

Salamu kwako na kwa wote hapo nyumbani. Habari zimetufikia kwamba umejisajili kwa marathoni ya Nairobi mwezi wa Oktoba, tena si zile kilomita 10 za kupigia picha, ni 42 na mita 195 zote. Hongera sana. Habari nyingine iliyotufikia ni kwamba umeanza mazoezi kwa kufukuzana na vijana wa mtaa wa Mamboleo kila jioni, na sasa muundi unakuuma. Hiyo ya pili ndiyo iliyonishikisha kalamu, na naandika hadharani kwa sababu wenye ugonjwa wako ni wengi.

Shida ya kuishi upande huu wa Kenya ni kwamba kila mtu anaamini mbio ziko kwenye damu. Kelvin Kiptum, mtoto wa Elgeyo Marakwet, alimaliza Chicago mwaka 2023 kwa saa 2 na sekunde 35, yaani kila kilomita dakika 2 na sekunde 51 hivi. Basi mtu akitumia dakika 7 anaona haya na kuongeza kasi mradi asionekane. Lakini hebu siku moja panda Iten, mji wa wakimbiaji, alfajiri uwatazame wenyewe siku yao ya mazoezi mepesi: wanaanza wakijikokota na kupiga soga, unaweza kudhani wanaenda dukani. Kasi wameitengea siku zake. Wewe umeifanya ya kila siku.

Kwa hiyo, katika kila kilomita 10 unazokimbia kwa wiki, 8 ziwe za mwendo wa kuongea. Kipimo chake ni rahisi: useme sentensi nzima, ndefu, bila kukata pumzi katikati. Ukitoa maneno matatu kisha ukahema, umezidisha. Kwa mtu wa kuanza, mwendo huo huwa dakika 7 hadi 8 kwa kilomita, na kwenye kilima kikali ni halali kutembea. Mapafu na moyo huzoea upesi. Ndani ya wiki chache unajisikia simba. Mifupa na kano huchukua miezi. Hapo katikati ndipo watu huumia, kwa sababu pumzi inaruhusu kile ambacho mguu haujawa tayari kukibeba. Muundi wako unasema hivyo. Ubonyeze kwa kidole: maumivu yakiwa yametandaa urefu wa misuli, punguza kilomita zako hadi nusu yake kwa wiki mbili. Yakiwa kwenye nukta moja juu ya mfupa, acha kukimbia kabisa ukamwone daktari, maana huenda mfupa umeanza kupata ufa.

Kuna sababu nyingine ya kwenda polepole, nayo ni ya hesabu. Mtu hutumia takriban kalori 1 kwa kila kilo ya uzito wake kwa kila kilomita. Wewe wa kilo 70 utahitaji karibu kalori 3,000 kufika mwisho. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini, hata ukila vizuri, ni wa kalori 2,000 hivi. Kinachobaki kitoke kwenye mafuta ya mwili, ambayo ni mengi ila huchomeka taratibu, na kwenye kile unachokula njiani. Kadiri unavyoongeza kasi ndivyo mwili unavyoacha mafuta na kuchoma wanga. Ukianza kwa pupa, wanga unakwisha kwenye kilomita ya 30 au 32, miguu inakuwa mizito, kichwa kinazunguka, na zile 10 zilizobaki unazitembea ukilaani siku uliyojisajili. Wakimbiaji hupaita ukutani. Mbio ndefu za Jumapili zinaufundisha mwili kutumia mafuta zaidi, mradi uzikimbie polepole.

Kuanzia karibu na mwisho wa Juni una wiki 18 hivi. Kabla ya hapo uwe tayari unaweza kukimbia nusu saa bila kusimama, mara nne kwa wiki; kama huwezi, anza na hilo na marathoni ingoje. Siku nne za mbio zinakutosha. Jumanne, kilomita 6 hadi 8 za kuongea. Alhamisi, mazoezi ya nguvu, nitayaeleza. Ijumaa, kilomita 5 au 6 nyepesi. Jumapili, mbio ndefu (na kama Jumapili ndiyo siku yako ya ibada, sogeza kila kitu siku moja, ratiba haina dini). Mbio ndefu ipande hivi: 10, 12, 14, kisha irudi 10, 16, 18, 20, irudi 15, 21, 23, 25, irudi 18, halafu 26, 28 na 30. Ile wiki ya kurudi chini usiiruke hata ukijisikia vizuri, kwa sababu mwili hujijenga wakati wa kupumzika. Kilomita 30, au saa 3 na nusu, mojawapo ikitangulia, ndiyo mwisho. Usijaribu 42 nyumbani ili uone kama utaweza. Utaweza, kisha utafika Nairobi ukiwa umechoka.

Hiyo ya 30 iwe wiki tatu kabla ya siku yenyewe. Baada ya hapo unashuka: wiki inayofuata mbio ndefu ya 20, kisha 12, na wiki ya mwisho mizunguko miwili ya nusu saa tu. Katika wiki hizo utasikia magoti yakilia na koo likiwasha, na utashawishika kuongeza mazoezi. Usiongeze. Hakuna zoezi la siku 10 za mwisho litakalokusaidia. La kukuharibu lipo.

Sasa Alhamisi. Wiki nne za kwanza iwe nyepesi kama siku nyingine. Kuanzia ya tano, nenda kwenye kilima cha Riat. Pasha mwili joto kwa dakika 15, panda kwa nguvu dakika 1, shuka ukitembea, rudia mara 6, na baadaye mara 8. Kilima kinajenga miguu bila kuigonga kama mbio za kasi za tambarare. Kuanzia wiki ya tisa, badala ya kilima kimbia kilomita 2 za kupasha joto, kisha 5 hadi 8 kwa mwendo unaoutaka siku ya mbio. Nyumbani, mara mbili kwa wiki, simama kwenye ngazi kwa ncha za miguu, shusha visigino taratibu na kuvipandisha, mara 15, seti tatu. Dakika 10 hizo zitakulinda kano ya kisigino kuliko dawa yoyote ya kuchua.

Mahali pa kukimbilia unapajua kuliko mimi, ila machache niyaseme. Njia ya kutoka Milimani kuelekea Dunga ni tambarare na nzuri, lakini usiifuate kabla ya kupambazuka: viboko hutoka ziwani usiku kula nyasi na hurudi majini alfajiri, na hakuna mkimbiaji wa kumshinda kiboko. Kwenye barabara ya lami kaa upande wa kulia, ukitazamana na magari, na uvae riflekta kama ya watu wa boda boda. Lami imeinama pembeni ili maji yatiririke, hivyo ukikimbia upande mmoja tu kila siku, nyonga na goti hulalamika. Kwenye mitaa isiyo na magari hamia katikati. Mvua ikinyesha, sahau njia za udongo za upande wa tambarare za Kano. Ule udongo mweusi unaganda kwenye soli mpaka kila mguu una kilo yake.

Jambo ambalo watu wa Kisumu wanaotoka kwenda mbio za nje huwa hawalipigi hesabu ni joto na mwinuko, na hapa nitakaa kidogo. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Nairobi iko juu zaidi kwa mita 600 na ushei. Maana yake, hewa ya nyumbani kwako ni nzito kidogo lakini ina joto na unyevu wa ziwa. Ya Nairobi ni baridi asubuhi lakini nyepesi. Kwenye unyevu jasho halikauki upesi, damu inapelekwa kwenye ngozi kupoza mwili, na misuli inapata pungufu. Ndiyo maana mwendo uleule unaoufanya saa 12 asubuhi unakushinda saa 3. Mbio ndefu anza saa 12 kamili au mapema kidogo, na usifuate saa ya mkononi kama jua limewaka, fuata pumzi. Joto lenyewe halijakupotezea kitu, kwani likizoeleka kwa wiki mbili hivi huongeza maji ya damu, na hilo litakufaa hata Nairobi.

Mwinuko ni habari nyingine. Kuuzoea kweli kunataka wiki za kuishi huko juu, na wewe una kazi. Unachoweza ni kuujua: mara mbili au tatu katika mazoezi, panda matatu hadi Nandi Hills, yapata mita 2,000, ukimbie mbio ndefu huko. Utaona pumzi ileile ya kuongea inakupa mwendo wa chini kwa sekunde 15, 20, pengine 30 kwa kilomita. Andika tofauti hiyo. Itakukataza kwenda Nairobi na malengo uliyoyapimia ufukweni Dunga.

Viatu: soko la Kibuye lina mitumba mizuri, ila pinda kiatu na ukague sponji ya katikati. Ikiwa na mikunjo ya kudumu, au ukibonyeza kwa dole gumba ni ngumu kama ubao, imekufa hata kama juu kinang'aa. Kibandiko cha ndani ya ulimi mara nyingi huwa na tarehe ya kutengenezwa. Sponji huzeeka hata bila kuvaliwa. Kidole kirefu kibakishe nafasi ya upana wa dole gumba mbele, la sivyo kucha zitakuwa nyeusi. Kiatu cha siku ya mbio kiwe kimeshapita angalau mbio ndefu mbili. Mafuta ya mgando paka mapajani, kwapani na katikati ya vidole vya miguu, na chuchu zibandike plasta. Utacheka sasa; kilomita ya 35 ukiwa na damu kifuani hutacheka.

Chakula cha kila siku huna haja ya kukibadilisha. Ugali, viazi vitamu, uji na ndizi vina wanga wote unaouhitaji, na omena na mayai vinajenga misuli. Ila chai ya rangi iache isogee mbali na mlo, maana huzuia mwili kufyonza madini ya chuma ya mboga. Kwa kinywaji cha njiani, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vikubwa 5 vya sukari vilivyosawazishwa (karibu gramu 60), robo kijiko kidogo cha chumvi na limau. Nusu lita kwa saa pamoja na ndizi mbivu moja inakupa zaidi ya gramu 50 za wanga, na hicho ndicho kiwango unachokitaka kuanzia dakika ya 40 mpaka mwisho. Kifanyie mazoezi kila Jumapili. Tumbo nalo hufundishwa. Kujua kiasi cha maji, jipime kwenye mizani kabla na baada ya saa moja ya mbio: kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja ya jasho. Ukirudi na uzito zaidi ya uliotoka nao, umekunywa mno. Maji matupu kupita kiasi huzimua chumvi ya damu, na kichwa kuuma, kichefuchefu na vidole kuvimba ni dalili zake.

Homa ikikushika, usikimbie ili itoke na jasho. Kapime malaria, maliza dozi yote, na urudi kwa kutembea na kukimbia nusu saa, siku ukiwa na hamu ya kula. Wiki iliyopotea usiilipe. Endelea pale ratiba ilipofika. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, kabla au katikati ya mbio, kataa kabisa hata ukipewa na rafiki: mwili uliokauka maji pamoja na dawa hizo huumiza figo.

Nairobi ingia Ijumaa. Basi la usiku wa Jumamosi litakuvimbisha miguu na kukunyima usingizi. Jumamosi kula wali au ugali mapema jioni, maharagwe na mboga nyingi ziache. Asubuhi, muda wa saa tatu kabla ya mbio kuanza, mkate na chai au uji, kitu ulichokwisha kukijaribu. Ukitaka dakika 7 kwa kilomita utamaliza kwa saa 4 na dakika 55, hivyo angalia kwanza waandaaji wanafunga njia saa ngapi. Kilomita 5 za mwanzo ziende taratibu kwa sekunde 15 kuliko hapo. Watu watakupita, hata wazee, waache. Kila penye meza ya maji tembea sekunde 30 unywe bila kujimwagia. Nusu ya njia upite kwa saa 2 na dakika 28 au zaidi kidogo, na kama una nguvu za ziada, zianze kutoka kilomita ya 32.

Ukishavuka mstari usikae chini. Tembea dakika 15, kunywa, kula kitu cha chumvi. Wiki nzima hakuna mbio. Na tiketi ya kurudi ikate ya Jumatatu, si Jumapili hiyohiyo, kiti cha kando ya njia ili uweze kunyoosha miguu, na kila basi likisimama ushuke utembee kidogo.