Kaka, pesa ya vyumba sitoi

Kaka, shikamoo.

Ile sauti yako ya dakika tisa nimeisikiliza mara mbili, ya pili nikiwa kwenye foleni ya malori tukisubiri kumwaga maji ya chumvi yanayotoka na mafuta visimani. Pesa ya dawa za Mama nimetuma, Mama Zuhura atakupa. Ya kujenga vyumba kumi vya kupangisha sitoi. Na usiende kusema barazani kwamba nimebadilika.

Unasema gesi ya Lindi inaanza, wapangaji watagombania. Si ndiyo maneno ya Mjomba 2012? Akauza mikorosho yote, akainua gesti pale Shangani, Mtwara, bomba la gesi likaenda Dar, wageni nao wakaaga. Nondo bado zimechomoza juu, wapangaji ni mbuzi wa jirani.

Huku Williston, mji wa mafuta wa North Dakota, Marekani, nimeyaona yaleyale, tena kwa dola. Mwaka 2010 mji ulikuwa na watu 14,716. 2020 wakahesabiwa 29,160. Katikati hapo, 2014, kodi ya nyumba ya chumba kimoja cha kulala ilipita ya New York! Watu walilala kwenye magari. Na mimi nililala, siku chache tu, Mama asijue. Kisha pipa la mafuta lililokuwa zaidi ya dola 100 likashuka chini ya 30 mwanzoni mwa 2016. Mwenye nyumba aliyekuwa hapokei hata salamu yangu akanipigia mwenyewe: njoo, mwezi wa kwanza bure. Ghorofa mpya tupu, taa za ngazini zinawaka usiku kucha. Halmashauri nayo ilikuwa imeshakopa kwa barabara na maji taka, na deni halijui kwamba watu wamehama.

Lakini mimi sikuhama. Lori ninaloendesha sasa ni langu, kaka, limelipiwa lote, na mlangoni nimeandika jina la Mama. Picha nimetuma, waonyeshe hasa wale waliosema nimekuja kuosha vyombo.

Leo baridi imegandisha hadi ndevu. Nimeukumbuka moshi wa korosho zikichomwa uani, ule unaotutoa machozi tukisingizia kilio ili tupewe nyingi.

Muulize Mjomba zile mbao na bati za stoo anauza bei gani. Paa la Mama linavuja chumba cha pili, na hilo hukulitaja katika dakika zote tisa. Nimelisikia kwa Mama Zuhura. Hilo nalipa, na fundi nitamlipa mwenyewe kwa simu.