Tucheze kanda za mzee sasa, au tusubiri zisafishwe?

Ndugu Mshauri, asalaam aleikum.

Kikundi chetu cha sanaa hapa Mikindani kina mwigizaji mkongwe wa miaka 74. Kazi zake zimo katika sanduku moja la bati: kaseti 19 za michezo ya redio, kanda 23 za video za VHS na kanda ndogo 6 za video za kidijitali, MiniDV. Televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994, kwa hiyo michezo yake mingi ya jukwaani ya kabla ya hapo imebaki kwa sauti tu, au haipo kabisa.

Karibu kanda zote hazina maandishi. Aliyebaki wa kutuambia hili ni igizo gani, ukumbi upi, nani kacheza naye, ni mzee mwenyewe. Kwenye kaseti za redio humtambua mwenzake kwa kikohozi tu, hata kabla hajasema neno. Lakini kumbukumbu zinamtoka, na masika haya zimepungua kuliko ya mwaka jana.

MiniDV hazitusumbui, zinaingia kwenye kompyuta kwa waya wa FireWire, kama GB 13 kwa saa. Kazi iko kwenye VHS. Kanda 14 zimeota ukungu kwa unyevu wa pwani. Ukichungulia kwenye kidirisha unaona nyuzi nyeupe ukingoni mwa mkanda, mithili ya utando wa buibui. Ukizitia kwenye deki hivyo hivyo, ukungu unahamia kwenye hedi, yaani kichwa kinachosoma mkanda, picha inajaa chenga, na kanda safi inayofuata inaambukizwa. Palipogandana, mkanda hukatika. Wapo wanaotushauri tuzianike juani. Hilo tumelikataa, maana joto linaupinda mkanda na haunyooki tena.

Kufungua skrubu 5 za chini, kuhamishia roli mbili kwenye ganda safi na kufuta ukungu taratibu kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, tukiwa nje na barakoa usoni, tunaweza. Ila mkanda wa saa 3 una urefu wa takribani mita 258, na mikono yetu ni michache. Kupeleka Dar es Salaam kunahitaji fedha ambazo hatutazipata kabla ya korosho kuuzwa.

Kanda 9 safi tunaanza nazo wiki hii, mzee akiwa pembeni. Je, hizo 14, ukungu ukishakauka, zitavumilia kuchezwa mara moja kwenye deki ya kutupa, huku tukirekodi tangu mzunguko wa kwanza? Au tuzisubirishe, hata kama mzee atakuwa amesahau?

Wanakikundi,
Mikindani, Mtwara