YAH: MALALAMIKO KUHUSU DAWA YA "KUONDOA CHUMVI" KWENYE BWAWA LA KUOGELEA

Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha barua hapo juu. Mimi ni mteja wenu wa Mbezi Beach. Bwawa langu ni la lita 50,000, na fundi wenu hulihudumia kila wiki.

Tangu kiangazi maji yamekuwa na ladha ya chumvi, na ngazi ya chuma imeanza kuota kutu kwenye maungio. Nilipolalamika niliuziwa dawa yenu ya kuondoa chumvi. Kabla ya dawa kipimo kilisoma miligramu 4,000 kwa lita. Baada ya dawa kikasoma vilevile.

Naomba mniambie chupani mna nini hasa. Chumvi ikishayeyuka haiuawi na dawa, wala chujio la mchanga haliikamati. Kwa bwawa langu, kiwango hicho ni kilo 200, yaani mifuko minne ya kilo 50. Chupa moja imeipeleka wapi? Jirani zetu wa Kunduchi huvuna chumvi kwa kuacha jua likaushe maji, nanyi mmekuwa mkinifanyia kazi hiyohiyo nyumbani: maji yanapungua kwa jua, fundi anajazia ya kisima, ambayo huku pwani yana chumvi yake, kisha yakipungua anajazia tena.

Klorini nayo inachangia, na hilo silalamikii. Kila lita ya klorini ya maji ya asilimia 12, ikimaliza kazi yake, huacha takriban gramu 200 za chumvi. Ndivyo ilivyo. Lakini anayeniuzia klorini hiyo ndiye alipaswa kunieleza, na kupima chumvi kama anavyopima pH. Kwenye karatasi zenu za huduma, sehemu ya chumvi haijawahi kujazwa. Kipimo nilichokitaja nilikinunua mwenyewe.

Nadai nirudishiwe fedha ya dawa, na ngazi ibadilishwe kwa gharama zenu. Kisha mtoe nusu ya maji tujaze ya boza yasiyo na chumvi; hapo kiwango kitashuka hadi kama 2,000. Boza nitalilipia. Ila msilikaushe bwawa lote kwa mkupuo, maana masika maji ya ardhini huwa juu, na bwawa tupu linaweza kuinuliwa au kupasuka. Fundi alishapendekeza kulikausha lote, nikamkatalia.

Nisipopata majibu ya maandishi ndani ya siku 14, nitapeleka risiti na vipimo Tume ya Ushindani. Tafadhali msimtume fundi aje kunituliza. Ni kijana mwenye adabu, anafanya anachoagizwa. Ninayetaka anijibu ni aliyemwagiza.

Wenu,
Mteja, Mbezi Beach

Viambatisho: nakala za risiti, karatasi za huduma na picha za ngazi