Ombe si neno, ni ng'ombe

Tanga

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Sisi huku hatujambo, joto tu ndilo linalotutesa.

Ama baada ya salamu, skripti yako ya kuhesabu maneno, iliyoandikwa kwa lugha ya programu ya Python, nimeipata. Unauliza mbona Python inakuhesabia "ombe" tele ilhali hadithi zako hazina neno hilo. Hao ni ng'ombe, bibi wee! Rejeksi yako, yaani ile ruwaza ya kutafutia maneno, ni \w+, na \w inakubali herufi, tarakimu na kistari cha chini, basi. Ritifaa, ile alama ya ' katikati ya ng'ombe, haimo. Ikifika hapo inakata: "ng" huku, "ombe" kule. Ng'oa, ng'ara na ving'amuzi vyote vimechinjwa hivyo hivyo.

Usikimbilie [\w']+ kama wengi wanavyofanya, kwani mwandishi akifungia usemi ndani ya alama mojamoja, alama hizo zitaganda kwenye maneno. Andika hivi:

re.findall(r"\w+(?:['’]\w+)*", matini)

Maana yake, ritifaa inapokelewa ikiwa tu imebanwa na herufi pande zote mbili. Nimeweka mbili makusudi: iliyonyooka ni ya kibodi, iliyopinda ni ile ambayo Word huibadilisha yenyewe bila kukuuliza. Machoni ni moja, kwa kompyuta ni mbili. Na hiyo ?: usiifute. Ukiifuta, findall itakurudishia kilichonaswa ndani ya mabano tu, na neno zima hulioni.

Sasa vitenzi. Ulichoandika kuvitafuta, r"\ba(?:li|na|ta|me)\w+", si kibaya. (Hiyo r ya mwanzo iache palepale, bila yake Python husoma \b kuwa alama ya kufuta nyuma, na hutapata kitu.) Inaleta alikuja, anasoma, atakayerudi. Lakini inaleta pia alizeti na anasa, na ukiongeza re.IGNORECASE (isitofautishe herufi kubwa na ndogo) ili kupata vitenzi vinavyoanza sentensi, wanaingia Amerika na Anastazia. Ali mwenyewe amenusurika kwa kuwa + inadai angalau herufi moja zaidi.

Hapo usiilaumu rejeksi. Mwanahisabati Kleene, ambaye nyota ile * inaitwa kwa jina lake, alichapisha hesabu za rejeksi mwaka 1956 akiwaza mitandao ya neva. Mwanakompyuta Ken Thompson akazitia kwenye utafutaji wa matini mwaka 1968. Hakuna aliyeiambia rejeksi kwamba "ali" ya alizeti si kiambishi cha wakati uliopita.

Najua utashawishika kudai neno liishie kwa a. Thubutu! Utapoteza anarudi, amesahau, alijaribu, atasamehe. Vitenzi vyetu vingi vyenye asili ya Kiarabu vitakukimbia. Mimi ningeacha rejeksi iwe pana, kisha niyapange maneno kwa wingi wake kwa kutumia Counter, kihesabio cha Python, niyapitie kwa macho, na yasiyohusika niyatie kwenye seti ya kuchujia. Rejeksi ndefu yenye mabano ndani ya mabano inapendeza siku unayoiandika. Baada ya mwezi hata wewe huielewi.

"Akija" na "hakuja" hazimo kabisa kwenye rejeksi yako. Kama unazihitaji, ongeza ki kwenye lile kundi, ila za kukanusha zitafutie mstari wake, usizichanganye.

Nitumie orodha itakayotoka, nami nikuchambulie yale ya juu. Mama anakusalimu sana.

Wasalaam,
Zuhura